Mshika Komeo

Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe. Kulikuwa bado giza, jogoo wa kwa Bibi Uforo hajawika, na mimi nilikuwa macho kitandani nikisikiliza. Ting, ting, ting, taratibu, bila kupumzika. Uji wa Mkunde hauna sukari. Hauna maziwa, hauna limau, hauna chochote cha kukorogwa. Ni unga wa mchele uliooshwa na maji, basi. Lakini alikuwa anakoroga.

Nilingoja aache. Hakuacha.

"Mkunde," niliita kutoka chumbani.

"Abee, bibi."

"Unakoroga nini?"

"Uji."

"Bado wa moto?"

"Umepoa."

"Basi kunywa, mwanangu."

"Haya."

Kijiko kikanyamaza. Nikamsikia akinywa funda moja moja mpaka mwisho, kama mtu anayemaliza kazi aliyotumwa.

Mkunde ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Kwetu huku mlimani mjukuu wa kike na bibi yake ni wake wenza, kwa sababu mume wao ni mmoja, babu. Tangu alipojua kutamka, aliniita mke mwenza. Alikuwa na miaka michache tu alipokuja kusimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akidai zamu yake ya kumpelekea babu chai. Babu alipokufa, utani haukufa. Mwaka jana tu, ningemuuliza swali kama hilo la uji, angenijibu: "Lala wewe, mke mwenza. Mume wetu amelala pale chini ya migomba, nani anakungoja uamke umpikie?" Na mimi ningemwambia hata kule chini alikolala bado ananipenda zaidi.

Sasa ananiita bibi. Bibi ni neno zuri, silikatai. Ila sijalizoea kinywani mwake.

Nikajifunga kanga, nikaenda jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe kitupu mapajani. Aliponiona alipandisha mkono wa sweta bila kuambiwa, akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Bangili ya komeo ilikuwa inawaka rangi ya chungwa juu ya kiwiko. Kwenye uso wa bangili kulikuwa na maneno matatu: KAZA, SHIKILIA, FUNGUA. Kila asubuhi bangili hiyo inataka kidole gumba changu. Haitaki cha mtu mwingine. Sheria inasema aliyefungwa komeo hawezi kujishikia mwenyewe, lazima achague ndugu wa kumshikia, na yeye alinichagua mimi.

Nikabonyeza SHIKILIA. Taa ikageuka kijani.

"Asante, bibi," alisema.

Nikakaa chini karibu naye. Magoti yangu yalikuwa yanauma na siku ilikuwa haijaanza.

*

Yeye ndiye aliyenifundisha komeo ni kitu gani, kabla ya kufungwa. Alikuwa fundi wa malango ya mfongo, ile mifereji inayoleta maji kutoka juu msituni. Tangu theluji ya Kibo iishe, maji yamekuwa machache, na malango yote ya mfongo sasa yana akili yao: yanajifungua na kujifunga kwa kupima unyevu wa kila kihamba, shamba la migomba la kila nyumba. Yakipotoka, huitwa Mkunde. Kwa hiyo alipotaka kunieleza ugonjwa wake, alinieleza kwa maji.

"Seli ni kihamba, mke mwenza," aliniambia, akichora kwa kijiti kwenye majivu. "Kina lango la kuingiza na lango la kutoa. Na kila lango lina mabawabu. Wapo wanaoingiza chakula, wapo wanaotupa sumu nje. Kila mtu anao, hata wewe na huo uzee wako."

"Mabawabu wangu wamesinzia."

"Wamekufa kitambo, sema tu hujazika. Sasa sikiliza. Seli ya saratani ina ujanja. Inaajiri mabawabu wa kutoa, wengi, wengi kuliko haja yake. Dawa ikiingia tu, wanaishika shingo na kuitupa nje. Mrarao ni dawa kali, lakini dawa iliyotupwa nje inamwua nani?"

"Kama ya mama yako."

"Kama ya mama," alisema, akaacha kuchora.

Binti yangu Anasia alipewa mrarao huohuo. Ni mmea unaotambaa, wenye mzizi mchungu, unalimwa kivulini huko mabondeni. Daktari mmoja mwema alituonyesha kwenye kioo jinsi seli za saratani zilivyokuwa zinakufa ndani ya chupa mzizi ukiwekwa. Tulifurahi, tukachinja kuku. Ndani ya chupa zilikufa. Ndani ya mwanangu zilitapika dawa na kuendelea kuishi.

Komeo lilikuja baadaye. Bangili inatia chini ya ngozi kitu kinachowatafuta mabawabu wa kutoa na kuwashika mikono. Dawa ikiingia ndani ya seli ya saratani haina wa kuitoa, inabaki na kufanya kazi yake. Lakini mabawabu haohao wanalinda mlango wa ubongo, na komeo haliwezi kubagua. Ndiyo maana ubongo umeachiwa bawabu wa pili, wa aina nyingine, ambaye komeo halimgusi. Yeye peke yake anafanya kazi ya wawili, kuzuia mrarao usiingie kichwani. Kwa wengi anaweza. Kwa wachache hushindwa.

Hao wachache tuliwaona. Mmoja alirudi kijiji cha juu yetu, mwalimu wa kwaya. Saratani ilikwisha, akanenepa, akawa na ngozi nzuri. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia imba, anaimba, wala hakosei hata noti moja. Usipomwambia kitu, hafanyi kitu. Mrarao ulikuwa umemlamba hamu yote.

Mkunde alikwenda kumwona. Aliporudi aliketi nami hapa jikoni, na hakutania mwanzoni.

"Nikiacha kukuchokoza," aliniambia, "ujue mimi sipo. Fungua."

"Nikifungua, saratani itarudi."

"Irudi inikute mimi. Usiwasikilize madaktari. Na usimsikilize huyo atakayekuwa amekaa hapa na sura yangu, akikwambia ni sawa tu. Huyo hana haki ya kuniamulia." Halafu akanipiga begani. "Nakuchagua wewe kwa sababu ni mke mwenza. Mke mkubwa hakosi siku ya kutaka kumwondoa mdogo nyumbani."

Nilicheka nikakubali. Mtu hukubali mambo mengi akiwa anacheka.

*

Nesi Penieli wa Kituo cha Makomeo alikuja siku hiyohiyo ya kijiko, jua likiwa limeshapanda. Kigari chake cha umeme hukiacha barabarani na kupanda kwa miguu, kwa sababu honi yake iliwahi kumshtua Mkunde. Hakuna aliyemwomba. Hufika akihema, huvua viatu mlangoni, kisha husugua viganja mpaka vipate joto ndipo amguse mgonjwa. Nimeuguza watu wengi maishani na nimeshikwa na mikono mingi ya baridi. Huyu binti namwombea.

Alitoboa kidole cha Mkunde, akaweka tone kwenye kioo chake kidogo. Akasoma. Akasoma tena.

"Bibi, nani anampikia?"

"Mimi. Uji mweupe, kama mlivyosema."

"Hajala kitu kingine? Mboga?"

"Hajala."

"Humu ndani kuna mnafu."

Nilitaka kukataa. Nikamwona Mkunde ananyanyua macho.

"Nilikuwa nalamba," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Unalamba nini, dada?" Penieli aliuliza taratibu.

"Wanacholeta. Ncha ya kijiko. Kisha bibi na Nsia wanakula."

Penieli alinigeukia. Ikabidi nimweleze, maana yeye ni mtu wa Tanga, hazijui desturi zetu vizuri. Kwetu huendi kwa mgonjwa mkono mtupu. Unakwenda na hotpoti yako, mtori, au kiburu cha ndizi na maharage, na juu yake mnafu, kwa sababu kila mama anajua mnafu unarudisha damu. Mgonjwa akiwa hawezi kula, haidhuru, watakula wenye nyumba. Lakini lazima alambe mbele ya mgeni, hata kidogo tu, ndipo mgeni aondoke na moyo mweupe. Asipolamba, amekurudishia mkono wako. Kituo kilituambia asile chochote ila uji mweupe, na tulitii kabisa. Sikuwahi kumpa sahani. Nilimpa ncha ya kijiko, mchana na jioni, kwa kila mgeni, na wageni walikuwa wengi kwa sababu Mkunde anapendwa. Hakuna mtu katika mlima huu anayeita kulamba kula.

"Mnafu gani?" Penieli aliuliza. "Ule wa zamani, au ule wa ukame?"

"Wa zamani umebaki wapi? Ni ule wa ukame, uliogawiwa na watu wa kilimo mvua zilipokata."

Akafunga kioo chake. Akakaa chini sakafuni, chini kuliko mimi niliyekuwa kwenye kigoda.

"Ule una uchungu uliozidishwa, ndiyo maana wadudu hawaugusi. Kwa mtu asiye na komeo hauna neno. Lakini uchungu ule unamshika yule bawabu wa pili, bibi. Wa ubongo. Komeo limemshika wa kwanza, mnafu ukamshika wa pili. Mlango ukabaki hauna mtu."

Nsia, mtoto wa Mkunde, alikuwa uani anaimbia kuku. Nilimsikiliza yeye kwa muda, kwa sababu sikutaka kusikiliza kitu kingine.

"Wote walioleta," nilisema, "walileta kwa upendo."

"Najua."

"Uforo alikuwa anachagua majani laini ya juu."

"Najua, bibi." Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa bado na joto.

Kisha akanieleza yaliyobaki, na hakunificha. Mbegu za saratani zimebaki chache mno, lakini zimebaki. Tukifungua sasa, mrarao utatoka kichwani, Mkunde huenda akarudi, na zile mbegu zitapona. Zikipona zitakuwa zimejifunza; zitaota mabawabu wa aina ambayo komeo halishiki mara ya pili. Tukishikilia mpaka zikauke, atapona saratani. Na tukikomesha mnafu leo, bawabu wa pili anaweza kuamka akasafisha kichwa hata komeo likiwa limefungwa.

"Au?" nilimuuliza.

"Au asiamke. Sijui. Ningesema najua, ningekudanganya."

"Yeye aliniagiza nifungue."

"Aliyekuagiza hakujua habari ya mnafu."

"Angejua, angesema vilevile. Wewe humfahamu."

Penieli aliinuka. Alivaa viatu. Mlangoni aligeuka akasema, "Kidole ni chako, bibi. Ukifungua nitakuja. Ukishikilia nitakuja."

*

Kumkataza mtu asilete chakula si jambo la kupiga simu. Nilikata majani ya isale, jani letu la kuombea radhi, kwenye ua wetu, nikayafunga fundo moja moja. Anayepokea isale hawezi kukasirika, au akikasirika hawezi kulisema. Nilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka miguu ikavimba. Wengi walipokea kimya. Mama mmoja alilia. Kwa Uforo nilikwenda mwisho, kwa sababu ni jirani wa ua kwa ua, na kwa sababu nilimwogopa.

Alikuwa anamenya ndizi. Alipoliona lile jani akaweka kisu chini.

"Mae! Nani amemkosea nani?"

"Mimi nakukosea sasa hivi. Nakuomba usilete chakula tena kwa Mkunde."

"Mtori wangu umefanya nini?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikichanganya mabawabu, lakini alielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Kwa hiyo alipokuwa analamba pale mbele yangu," alisema, "na mimi nasema lamba mwanangu, lamba tena kidogo..."

"Usimalize. Mshika kijiko nilikuwa mimi."

Alikaa anazitazama ndizi zake. Uforo ni mtu wa maneno mengi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu.

"Haya. Sileti," alisema mwishowe. "Wala siji."

"Njoo tu, Uforo. Njoo ukae naye."

"Nije na mikono mitupu kama mtoza ushuru? Nitaiweka wapi hii mikono, kichwani?"

"Popote."

"Ndealilia, huwezi kuniambia njoo halafu umenifunga mikono. Tangu niolewe sijaingia kwa mgonjwa bila kitu. Hata kwa mama mkwe wangu, na yule alikuwa nyoka, niliingia na kibuyu cha maziwa." Akachukua isale, akaliweka juu ya kabati la vyombo, pembeni, kwa adabu. "Nenda nyumbani ukapumzike. Unatembea kama bata."

Niliondoka. Aliniita nikiwa tayari njiani, nikadhani amebadili mawazo. Alitaka tu kunipa fimbo ya kushuka mtelemko.

*

Hakuna aliyekuja. Si kwa chuki. Watu walipita barabarani, wakasimama getini, wakaangalia mikono yao, wakaenda zao. Walinitumia kuni. Mtu fulani alifagia njia yangu alfajiri na sikujua ni nani. Lakini ndani hawakuingia, na nyumba iliyozoea hodi tano kwa siku ikawa kimya mpaka ukasikia mchwa.

Kila asubuhi bangili iliwaka rangi ya chungwa, Mkunde akaninyooshea mkono, nikabonyeza SHIKILIA. Nilikuwa najiambia, bawabu wa pili anaamka leo. Kisha nilikaa kutwa namtazama, nikitafuta dalili usoni mwake kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Nilimpa kila nafasi ya kunichokoza. Nilivaa kanga kichwa chini miguu juu. Nilitia chumvi kwenye chai yangu mbele yake. Nilimwambia babu alinitokea ndotoni akasema hamkumbuki mke mdogo. Alisikiliza yote. "Sawa, bibi," alisema.

Penieli alikuja, akasugua viganja, akapima. Mnafu ulikuwa umetoka kwenye damu.

"Ameachiliwa," alisema. "Bawabu. Lakini sioni kama amesimama."

"Huenda amezoea kukaa."

"Huenda."

Jioni hiyo nilimkalisha Mkunde mbele yangu. Nsia alikuwa miguuni pangu, nywele zimesimama, nimekosa nguvu ya kuzichana.

"Mkunde. Uliniachia agizo. Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Nikiacha kukuchokoza, ufungue."

"Sasa unasemaje?"

"Ni sawa tu."

"Sawa kufungua, au sawa kushikilia?"

"Yote sawa, bibi."

Alikuwa ameniambia nisimsikilize huyu. Lakini huyu ndiye aliyekuwa na pumzi, ndiye aliyekuwa na koo na vidole na kovu la mfongo kwenye goti. Yule mwingine alikuwa maneno niliyoyabeba mimi peke yangu.

"Na Nsia?" nilimuuliza.

Alimtazama mtoto wake muda mrefu.

"Anahitaji kuchanwa nywele," alisema. Na akabaki amekaa.

Mtoto alingoja kidogo, kisha akaniletea mimi kitana.

*

Kesho yake sikubonyeza. Mkunde alininyooshea mkono, nikamwambia baadaye. Akaurudisha mapajani. Bangili iliendelea kuwaka rangi ya chungwa asubuhi nzima, na kila nilipopita jikoni iliniona.

Nilikuwa nimechoka, na nataka niseme nilichoka vipi. Kazi nimezizoea. Uchovu wangu ulikuwa wa kumwua mtu mmoja kila asubuhi kwa kidole gumba. Nikishikilia, namwua Mkunde aliyeniamini. Nikifungua, namwua mama yake Nsia. Nilimzika Anasia nikiwa na nguvu bado, na niliwalaumu mabawabu, nikamlaumu Mungu kidogo. Safari hii hapakuwa na wa kumlaumu. Kilikuwa kidole changu, chenye ufa wa jembe, na hakuna mwingine ambaye bangili ingemkubali.

Niliamua mchana, Nsia alipolala. Ahadi ni ahadi. Aliniambia kwa kinywa chake akiwa mzima wa akili, akanitazama machoni, na akanichagua mimi kwa sababu alijua nitaumia na bado nitafanya. Huyu aliyeketi hapa hakunichagua. Nilivuta kigoda, nikaketi karibu naye. Nikauchukua mkono wake. Ulikuwa umekonda, lakini ngozi ilikuwa nzuri.

"Mke mwenza," nilimwambia, "nisamehe."

"Haya, bibi."

Nikaweka kidole juu ya FUNGUA. Bangili inataka ubonyeze mpaka ihesabu pumzi kumi, ili mtu asikosee. Nikabonyeza. Ilianza kuhesabu.

"Hodi humu!"

Kidole kiliruka. Hesabu ikakatika, taa ikarudi rangi ya chungwa.

Uforo alikuwa mlangoni. Amevaa gauni la kanisani. Mikono yake alikuwa ameificha chini ya kanga, kama mtoto aliyevunja kitu, na uso umemwiva kwa aibu.

"Nimekuja," alisema. "Sina kitu. Tazama." Akatoa mikono, akaionyesha pande zote mbili. "Nimezunguka ua wangu kutwa nzima. Nimefika getini nikarudi. Mbuzi wangu ananishangaa."

"Karibu, Uforo."

"Nikae wapi?"

Hakuna siku aliyowahi kuniuliza akae wapi nyumbani kwangu. Nilimpisha kigoda changu. Akaketi. Mikono ikamshinda. Aliiweka magotini, akaitoa, akakunja, akakunjua, akarekebisha kilemba kisichokuwa na kasoro. Mkunde alimtazama.

"Sijui mtu anafanyaje," Uforo alisema, nikaona machozi yanamlenga. "Mkunde, mama, nilikuletea ubaya ndani ya hotpoti. Sikujua. Sasa nimekuja hivi, kama kuni. Sina hata habari ya kukupa. Ng'ombe amezaa, lakini hiyo si habari, ng'ombe huzaa."



Basi Uforo, kwa kukosa pa kuiweka mikono yake, akaichukua ya Mkunde akaishika ndani ya yake. Akawa anaisugua taratibu, kama mtu anavyopukusa mahindi, huku anazungumza. Alizungumza juu ya ndama, kwamba ana doa jeupe kwenye paji na ni mkaidi. Alizungumza juu ya lango la mfongo kwake, linalofunguka usiku bila sababu na kumlowesha bata. Alimsema fundi mpya, kijana anayekuja na vifaa vingi na kuondoka na mkia kati ya miguu. Alizungumza mpaka maneno yakaisha, na maneno ya Uforo sikuwahi kuyaona yakiisha. Kisha alinyamaza, akaendelea kusugua. Jua lilihama kutoka mlangoni likafika kwenye jiwe la kusagia.

Nilikaa sakafuni. Nilikuwa nangoja aondoke ili nimalize.

Mwishowe aliinuka, magoti yakilia. Akampangusa Mkunde paji la uso kwa ncha ya kanga, ingawa hapakuwa na jasho.

"Haya, mama. Nimekuchosha. Sikukuletea kitu, hata asante huna pa kuiweka." Akaelekea mlangoni. "Ndealilia, nisindikize basi, au nawe umefungwa komeo?"

Niliinuka nimsindikize. Tulikuwa tumeshafika kizingitini.

"Bibi Uforo."

Sauti ilikuwa ndogo. Tuligeuka wote wawili. Mkunde alikuwa bado ameketi palepale, mikono ameiacha hewani kidogo, jinsi Uforo alivyoiachilia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Hakuna aliyemwambia aseme. Paji lake lilikuwa limekunjamana, kama mtu anayetafuta neno aliloliweka mahali zamani na mahali penyewe pamesahauliwa.

"Mikono yako ina joto," alisema. "Kesho uje tena."